Mtoto wa Jicho na Glakoma: Maradhi Mawili na Majina Yake

Jina la mtoto wa jicho ni mashuhuri katika Kiswahili, na pengine msemaji hulitumia kwa kila upofu umjiao mtu uzeeni. Walakini yako maradhi mengine, glakoma, yapasayo kutengwa nalo. Kwani mwenye mtoto wa jicho aweza kupasuliwa akaona tena, ama uoni ulioharibiwa na glakoma haurudi kamwe.

Mchanganyiko huu si wa Waswahili peke yao. Neno glakoma lina asili ya Kiyunani, nalo lilihusu rangi ya samawati yenye kijivu. Waganga wa Ulaya hawakuyapambanua vema maradhi haya hata mwaka 1705, Mfaransa Michel Brisseau alipopasua jicho la maiti akaonyesha ya kuwa mtoto wa jicho ni lenzi yenyewe iliyoingia ukungu.

Glakoma yafahamika kwa kuutazama mwendo wa maji ndani ya jicho. Maji hayo, ambayo si machozi, hutengenezwa nyuma ya irisi, yaani ile duara yenye rangi. Hupenya mbonini, kisha hutokea katika pembe ambapo irisi hukutana na konea, kioo cha mbele. Yaingiayo yakilingana na yatokayo, presha huwa kwa kawaida kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Katika glakoma ya pembe iliyofungwa, nafasi ya mbele ni finyu, na lenzi huzidi unene kwa umri. Irisi ikigusana na lenzi, maji hukwama nyuma yake, nayo hufura mfano wa tanga lililoshika upepo, ikaiziba pembe. Presha yaweza kupita 40 kwa saa chache: jicho huuma, taa huonekana na duara za rangi, na mgonjwa hutapika hata akadhaniwa ana maradhi ya tumbo. Kuchelewa ni kuufisha mshipa wa fahamu uendao ubongoni. Dawa hushusha presha, kisha irisi hutobolewa kwa leza. Asili ya tiba hiyo ni upasuaji alioueleza Albrecht von Graefe wa Berlin mwaka 1857.

Jina la presha ya macho lafaa, ila lina kasoro mbili: msikiaji aweza kudhani ni presha ya damu; tena wako wenye glakoma ambao presha yao ni ya kawaida. Hata hivyo ni bora kuliko kukosa jina. Glakoma ya pembe iliyo wazi, ndiyo iliyo nyingi zaidi Afrika, haiumi. Na mgonjwa aliyeambiwa kuwa ni mtoto wa jicho hungoja akomae, huku uoni ukimtoka.