Nyuzi Nane Zinazoamua Kasi ya Mtandao Ofisini

Mwananchi anapoambiwa dirishani kuwa mtandao unasumbua, lawama huelekezwa moja kwa moja kwa kampuni ya mawasiliano. Hata hivyo, mara nyingine tatizo huwa ndani ya jengo lenyewe, kwenye waya unaounganisha kompyuta na tundu la ukutani.

Waya wa Itheneti hubeba nyuzi nane, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Msokoto huo si urembo. Hupunguza mwingiliano wa mawimbi kati ya jozi moja na nyingine. Ndiyo maana fundi anapofunga kichwa cha RJ45 hatakiwi kufumua msokoto kwa zaidi ya milimita 13.

Katika mpangilio wa T568B, kichwa kikishikwa huku kijilimi chake kikitazama chini na waya ukielekea kwa mshikaji, rangi hufuatana hivi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi ya kijani hutenganishwa, na jozi ya bluu hukaa katikati yake. Hapo ndipo wengi hukosea. Fundi asiyejua sababu hupanga kila rangi na mwenzake, pande zote mbili. Kipimo cha kawaida cha taa kitaonesha kuwa nyuzi zote zimefika, kwani kweli zimefika. Lakini nafasi ya tatu na ya sita, ambazo husafirisha mawimbi kwa pamoja, zitakuwa zimepewa nyuzi za jozi tofauti. Matokeo yake ni mtandao wa kukatikakatika, na katika waya mrefu hali huwa mbaya zaidi.

Kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde huhitaji nyuzi zote nane; zikifungwa nne tu, kasi haitazidi megabiti 100. Umbali wote, kutoka swichi hadi kifaa, usizidi mita 100.

Suala la bei nalo lina mtego. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni nafuu, ila haukidhi viwango na hupata joto zaidi unapopeleka umeme kwa kamera. Kwangua uzi kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba tupu.

Taasisi inayopokea kazi hiyo inashauriwa kumtaka fundi apime kila tundu kwa kifaa kinachotambua jozi zilizochanganywa, kabla ya malipo ya mwisho kuidhinishwa.