Asili ya Maneno Mawili ya Kiingereza

Mtu ajifunzaye Kiingereza hujua upesi kuwa window ni dirisha. Na akianza kusoma magazeti hukutana na boycott, yaani kususia. Maneno haya hayana udugu hata kidogo, ila kila moja lina habari yake.

Window ni neno la wageni. Mwaka 793 watu wa kaskazini walivuka bahari wakaiteka nyara nyumba ya watawa ya Lindisfarne, Uingereza. Baadaye wengi walihamia huko, wakalima na kuoa. Tundu la nyumba la kuingiza hewa na mwanga, lisilo na kioo, waliliita vindauga, ndiyo kusema “jicho la upepo”. Waingereza walikuwa na neno lao, maana yake “tundu la jicho”, lakini lile la wageni likalishinda. Nasi tusiwacheke, maana dirisha letu nalo latoka kwa Waajemi, na kwao ni “mlango mdogo”.

Boycott lilikuwa jina la mtu. Kapteni Charles Boycott, Mwingereza, alisimamia mashamba ya Lord Erne katika jimbo la Mayo, Ayalandi. Mwaka 1880, baada ya miaka ya mavuno mabaya, wapangaji waliomba wapunguziwe kodi zaidi. Yeye akataka kuwafukuza. Mwezi wa Septemba Charles Parnell, mjumbe wa Bunge, alikuwa amewashauri watu wa nchi ile kwamba mtu atwaaye shamba la aliyefukuzwa asiuawe, bali atengwe, asisemeshwe njiani wala dukani. Basi shauri hilo likamwangukia Kapteni. Watumishi wakamwacha, vibarua wakakataa kumvunia, wenye maduka wakakataa kumwuzia, hata barua zake zikakosa mchukuzi. Mwisho walikuja watu 50 kutoka kaskazini kumvunia viazi, wakilindwa na askari karibu 1,000. Gharama ya ulinzi ilipita mara nyingi thamani ya mavuno!

James Redpath, mwandishi wa Marekani, alieleza kwamba padre wa hapo, John O’Malley, ndiye aliyeligeuza jina hilo kuwa neno, kwa sababu neno la vitabuni lilikuwa gumu kwa wakulima. Kabla mwaka haujaisha magazeti ya London yalikuwa yakilitumia; kisha Wafaransa na Wajerumani wakalichukua. Kapteni alikufa mwaka 1897, na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, kama neno jingine lo lote.