Bidoni mbili za mafuta zilikula décompte ya mwenzetu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma gazeti hili nyumbani, leo hatuzungumzi mishahara. Tunazungumza mafuta ya bwate ya vitesi. Mtaona mbele kwamba ni mambo ya feza vilevile.

Mwenzetu mmoja wa Kolwezi aliacha kazi ya mgodi sababu ya mgongo. Miaka mingi juu ya bene kubwa, mgongo ulikataa. Walimlipa décompte final, na sisi wa sindika tukamshauri: usiikule hii feza, nunua motokari, fanya taksi. Alinunua ndogo ya Japani, ya kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, usukani kuume, bwate otomatiki. Miezi mine ile taksi ililisha watoto sita na kuwalipia masomo.

Kisha bwate ikaanza kutoa mafuta chini. Tone moja, tone mbili. Asubuhi akitia D, motokari inakawia mbele ya kutembea. Sisi njo tulimpeleka kwa fundi wa pembeni ya barabara, na sisi njo tulitoa feza mu kasa ya mshikamano. Fundi alifunga pale palipovuja, akatuonyesha bidoni mbili za mafuta mekundu. Tukauliza: "Hii njo ya hii motokari?" Akajibu: "Papa, otomatiki ni otomatiki. Yote iko nyekundu." Bei ilikuwa chini. Tukalipa, tukashukuru.

Siku ya kumi na moja, kwenye mlima mdogo tu, moteri ililia kwa nguvu lakini magurudumu hayakufuata. Motokari ikatetemeka, ikasimama. Fundi mwingine, mzee mwenye kuzoea hizi za Japani, alifungua bwate akatuita tuangalie. Ndani mlikuwa mkaba wa chuma na puli mbili, na puli zilikwaruzika vibaya. Akasema: "Bakubwa, hii haikuwa otomatiki ya mafuta ile. Muliiua." Bwate ya okazio iliombwa karibu nusu ya bei ya motokari. Feza hiyo hatukuwa nayo, naye hakuwa nayo.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa mu neno "otomatiki". Kijiti cha P, R, N, D kinafanana mu motokari zote, lakini chini yake kuna mashini mbili tofauti.

Ya kwanza ni otomatiki ya kawaida, yenye vitesi vinne, vitano, sita. Ndani mna sahani nyembamba za kushikana na kuachana, na mafuta njo yanazisukuma. Mafuta hayo hayapake tu: yanapeleka nguvu, yanapoza joto, na yanapima namna sahani zinavyoshikana. Yakiwa ya aina nyingine, sahani zinateleza, zinachomeka, mafuta yanakuwa meusi na kunuka moto.

Ya pili ni CVT. Hakuna vitesi vya kuhesabu; mkaba wa chuma unabanwa katikati ya puli mbili zinazopanuka na kujifunga. Mafuta yake yana kazi ngumu: yalinde chuma juu ya chuma, lakini yasiache mkaba uteleze. Mafuta ya otomatiki ya kawaida hayakutengenezwa kwa kazi ile. Njo hayo tuliyanunua.

Na rangi? Rangi nyekundu ni dawa ya kupaka tu. Walianza kuitia ili mtu aone haraka kama kinachovuja ni mafuta ya bwate ao ya moteri. Haisemi ni aina gani. Toyota mingi za miaka ya 2000 zinaomba mafuta ya Type T-IV. Zilizofuata mingi zinaomba WS, ambayo ni mepesi zaidi, na hayo mawili hayachanganywi. Nissan zenye CVT zinaomba NS-2 ao NS-3. Honda iko na yake. Dexron ilitoka kwa General Motors ya Marekani. Ukiyamwanga haya yote mu sahani, mengine hutayatofautisha kwa macho.

Wenye bwate ya mkono nao wasicheke. Kwenye bidoni ya mafuta mazito, 75W-90 ao 80W-90, kuna alama GL-4 ao GL-5. GL-5 iko na dawa mingi zaidi za salfa na fosfori, kwa kulinda meno ya difransieli yenye kubeba mzigo mkubwa. Lakini mu bwate mingi za mkono kuna pete za shaba iliyochanganywa, zile zinazosaidia vitesi kuingia bila kelele. Mafuta mengine ya GL-5 yakipata moto yanaweza kuzikula. Mtu wa Katanga hahitaji kufundishwa kwamba salfa na shaba wanajuana. Kama kitabu cha motokari kinasema GL-4, tia GL-4.

Kinachotuuma ni hiki: ku mgodi hatukosei hivi. Mu atelie kila pipa liko na jina lake. Mtu akitia mafuta yasiyo yake mu bwate ya bene, siku ileile anaandikishwa demande d'explication. Mashini ya tajiri tunaiheshimu kwa maandishi. Ya kwetu, tuliyoinunua kwa mgongo wetu, tunaitilia kwa rangi na kwa bei.

Basi, kisha hasara ile tulikaa na yule fundi mzee, akatupa mafundisho haya.

Kwanza, mbele ya kununua motokari, uliza kama bwate ni ya mkono, otomatiki ya kawaida ao CVT. Angalia kibati cha chuma chini ya kapo, chenye namba ya shasi na alama ya bwate. Fundi mwenye kujua ao muzaji wa pièces anaweza kuisoma. Mara mingi jina la mafuta limeandikwa kwenye kijiti cha kupimia.

Pili, nunua bidoni yenye kufungwa, si mafuta ya kupimiwa mu chupa. Soma jina. Kisha kazi, weka bidoni tupu mu kofre, ili fundi wa kesho ajue mlichotia.

Tatu, pima vizuri. Otomatiki mingi zinapimwa pahali sawa, mafuta yakiwa ya moto, moteri ikiwaka, kisha kupitisha kijiti mu nafasi zote na kurudi P. Honda mingi zinapimwa moteri ikiwa imezimwa sasa hivi. Zingine hazina kijiti hata kimoja. Hizo ni za garaje.

Ine, ukijua kama mafuta ni mabaya, usiwashe. Yamwangwe yote kwanza. Na usivute otomatiki kwa kamba safari ndefu na magurudumu ya kusukuma yakiwa chini: moteri ikizimwa, pompi ya mafuta imelala, na bwate inajisaga kavu. Sisi tulifanya hilo kosa pia.

Mwenzetu aliuza ile motokari bila bwate, kwa bei ya machuma. Sasa mama wa nyumba njo analisha watoto, kwa meza ya unga. Hakutugombeza hata siku moja, na hiyo inatuuma kuliko angetugombeza. Kamati imekubali kumrudishia, kidogo kidogo kila mwezi, feza ya bwate. Na tangu siku ile, kasa ya mshikamano hailipe bidoni yoyote mpaka mtu asome jina lake kwa sauti, mbele ya watu wawili.