Minara Inaponyamaza: Redio za Ridhaa kutoka Ndithini hadi Kipini

Maji yanayolijaza bwawa la Masinga hayaishii Machakos. Yakivuka ukingo wake huteremka kupitia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakaufuata mto Tana hadi Garissa, Hola na Garsen, na mwisho wake ni bahari yetu pale Kipini. Ndiyo maana sisi watu wa pwani tuna haja na habari zinazotoka Ndithini na wadi nyinginezo za Masinga wakati wa masika. Mwaka 2024, mvua zilipolifurisha bwawa hilo, jamaa zetu wengi wa bonde la Tana walilazimika kuyahama makazi yao.

Ndugu wasomaji, juma hili tunauliza: habari hiyo itasafirije iwapo simu zitakatika? Mnara wa simu hutegemea umeme, na umeme ukizimika hubakia na akiba ya muda tu. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikatika, na mawasiliano yakazorota Kenya na Tanzania.

Wapo watu ambao kwao hali hiyo si mwisho wa mazungumzo. Ni wapenzi wa redio za ridhaa, ambao hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano na hurusha sauti bila malipo wala biashara. Alama za vituo vyao nchini huanza kwa 5Z. Burudani hii imewavutia watu wa kila daraja. Hata Sultan Qaboos wa Oman alikuwa na alama yake, A41AA.

Thamani yao ilidhihirika tarehe 26 Desemba 2004. Mapema mwezi huo, Bi. Bharathi Prasad na wenzake kutoka India bara walikuwa wamefika Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kuwasiliana na wapenzi wenzao wa dunia nzima. Tsunami ilipopiga na simu zikakatika, mitambo yao ilikuwa tayari imesimamishwa. Wakageuza burudani kuwa huduma: wakapeleka na kupokea habari za walio hai na waliopotea. Siku hiyohiyo mawimbi hayo yalifika pwani yetu, yakaua mtu mmoja upande wa Malindi, na kaskazini yetu, Somalia, yakaua karibu watu 300.

Funzo lake ni kwamba chombo cha dharura hufaa pale ambapo kimekwisha kusimamishwa na watu wamekwisha kukizoea. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi wapenzi wa redio hutoka hadharani kuonyesha kazi yao. Marekani wamefanya hivyo kila Juni kwa miongo mingi: hukesha uwanjani kwa saa 24, wakitumia betri na jenereta, na wapita njia hukaribishwa.

Maonyesho kama hayo yangefaa sana Ndithini, siku ya soko, na mengine Kipini saa hiyohiyo. Vifaa vyake si vya ajabu: redio moja, betri ya gari, na waya wa mita 20 hivi uliofungwa baina ya miti miwili, si juu sana. Waya ukiwa chini kiasi hicho, mawimbi hupanda karibu wima, yakarudishwa na tabaka la juu la anga na kuenea mamia ya kilomita pande zote, bila kuzuiwa na vilima. Baina ya Ndithini na Kipini, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 400. Umbali huo huweza kufikiwa bila mnara hata mmoja.

Mama aliyepo sokoni ataje neno la kumpelekea nduguye. Liandikwe, mwenye leseni alisome hewani polepole, na wa upande wa pili alirudie neno kwa neno kabla ya kulipokea. Hapo wazee, machifu na vijana watajua ujumbe wa dharura hubeba nini: ni nani, yuko wapi, anahitaji nini.

Kila aila nayo ina lake la kufanya. Chagueni jamaa mmoja anayeishi mbali na mto, ambaye habari zenu zote zitapitia kwake. Andikeni jina lake na namba yake kwenye karatasi, kwani simu iliyozimika huzima na kumbukumbu zake. Kisha viongozi wa misikiti, shule na vijiji wajue mwenye leseni aliye karibu nao ni nani, na wamwalike mapema. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na mto Tana haungoji tumalize kujenga.