Kabla hujaagiza mzigo, tembea mtaa

Wauzaji wenzangu, mimi nauza vyandarua na ndoo zenye koki mtandaoni, Dar. Kabla sijaposti tangazo la Mbagala au Tandale, nashuka kwenye boda natembea kwa miguu. Naangalia maji: yanatoka bombani au watu wamepanga madumu? Mitaro imeziba? Maji yakituama mbu wapo, na masika ya Machi hadi Mei ndo balaa. Kliniki ipo karibu? Wajawazito wanapewa chandarua bure huko, ukijaza stoo bila kuuliza mtaji unalala. Muulize muuzaji wa duka la dawa nini kinaisha haraka, anaujua mtaa kuliko mwenyekiti (asinisikie). Jioni rudi tena, mchana utakuta watoto na kuku tu.