Mlinzi Aliyefungwa Mdomo: Moshi wa Sigara na Kansa ya Mapafu

Askari wa zamu ya usiku aijua vema kazi ya sigara. Humfukuzia usingizi, humsahaulisha baridi, na huupa mkono wake shughuli hadi mwenzake afike kumpokea lindo. Majeshi yenyewe yaliwahi kuigawa kama chakula. Jeshi la Marekani lilitia sigara katika posho za askari walioko vitani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na halikuacha mpaka mwaka 1975. Hapo ilikuwa imekwisha pita miaka 25 tangu Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza waonyeshe kwa hesabu, mwaka 1950, kwamba kansa ya mapafu huwaandama wavutaji kupita watu wengine. Robo karne! Hata tarishi mvivu kuliko wote hacheleweshi habari kiasi hicho.

Hatuandiki leo ili kurudia onyo lililo juu ya pakiti, ambalo kila mtu amelisoma na kulizoea. Twataka kueleza hila ambayo moshi huitumia ndani ya pafu, hila iliyofichuliwa na elimu ya miaka ya karibuni, na ambayo askari ataifahamu upesi kuliko raia.

Kila chembe ya mwili wa binadamu ina maandishi ya urithi, yaitwayo DNA, ambayo yakinyooshwa hufikia urefu wa karibu meta 2. Ndani yake mna jeni zipatazo 20,000, mfano wa amri zilizoandikwa katika daftari la kikosi. Lakini chembe ya pafu haisomi amri zote, wala ya ini haisomi zile za jicho. Juu ya maandishi hayo hubandikwa alama ndogo za kemikali ziitwazo methili, nazo zikirundikana mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza. Herufi hata moja haikubadilika; amri ipo, ila kurasa zimegandishwa zisifunguke. Elimu ya mambo haya ni epijenetiki, jina lililotungwa na Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942, kabla umbo la DNA halijajulikana.

Miongoni mwa jeni hizo imo iitwayo p16. Kazi yake ni ulinzi wa lango: chembe itakayo kugawanyika pasipo ruhusa huzuiwa nayo. Tulizoea kuambiwa kwamba kansa huanza pale mlinzi anapouawa, yaani herufi za jeni zinapovunjika. Hilo hutokea kweli, na moshi hulifanya. Lakini katika mapafu ya wavutaji wengi mlinzi hakuuawa. Yu hai, amesimama mahali pake, bunduki begani, ila amefungwa mdomo kwa methili. Adui apita mbele yake, naye hawezi kupiga filimbi.

Mwaka 1998 Steven Belinsky na wenzake wa New Mexico, Marekani, walionyesha kwamba kunyamazishwa huko kwa p16 huanza mapema, katika chembe ambazo bado hazijawa kansa. Mwaka 2000 kundi hilohilo lilipima makohozi, likaziona alama za namna hiyo kwa baadhi ya watu hadi miaka 3 kabla ugonjwa haujatambuliwa na madaktari. Jambo hilo si dogo, kwa kuwa kansa ya mapafu, ambayo mwaka 2022 iliua watu wapatao milioni 1.8 duniani, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha toka pafuni na kuvamia viungo vingine.

Sasa, ikiwa amri haikufutwa, je, ukurasa haufunguki? Wataalamu wamejaribu. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2011 na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wagonjwa 45 walipewa azasitidini, dawa iondoayo methili, pamoja na dawa ya pili. Uvimbe ulipungua kwa wawili tu, na kwa mmoja wao ukatoweka kabisa. Huo ni upelelezi wenye manufaa, haujawa ushindi.

Yenye nguvu zaidi ni habari ya mwaka 2016. Damu ya watu karibu 16,000 ilichunguzwa, ikaonekana kwamba uvutaji hugeuza alama katika jeni zaidi ya 7,000. Kwa walioacha, nyingi ya alama hizo zilirudi katika hali ya mtu asiyevuta ndani ya miaka 5. Chache zilidumu hata baada ya miaka 30, nasi hatuna sababu ya kuficha hilo.

Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoziona hesabu zake. Tangu mwaka 1951 yeye na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50: walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 walijiongezea maisha kwa miaka kama 10, na walioacha wakiwa na 40, miaka 9. Sajini wa miaka 50 asemaye kwamba amekwisha chelewa, hesabu yake ni miaka 6.