Kazi haiishii langoni: Jinsi ya kuondoa vitu vikuukuu nyumbani bila kudhuru mazingira

KILA mwisho wa mwezi, barabara za mitaa ya Nairobi, Mombasa na Kisumu hujaa rukwama na malori madogo yaliyobeba vyombo vya watu wanaohama. Wengine hawahami, ila wameamua kuondoa vitu vilivyorundikana katika stoo kwa miaka mingi.

Vinavyotolewa hufanana karibu katika kila nyumba: godoro lililochakaa, redio isiyosema, madumu yaliyopasuka, nguo, betri, chupa, madaftari ya shule na mabaki ya vyakula. Aghalabu vyote hutiwa katika magunia mamoja, mzoa taka akaitwa, nayo familia ikajiona imemaliza kazi.

Ukweli ni kwamba taka hazitoweki zinapovuka lango. Huhamishwa tu kutoka ua mmoja hadi mwingine. Zitakapoishia, na atakayedhurika nazo huko, ni mambo yanayoamuliwa kwa kiasi kikubwa katika zile saa chache ambapo vitu hupangwa sakafuni kabla ya kutolewa nje.

Kwa mkazi wa Nairobi, ua huo wa pili mara nyingi ni Dandora, mashariki mwa jiji. Jaa la taka la Dandora lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Hata hivyo, malori yaliendelea kumwaga taka humo miaka mingi baadaye.

Mnamo 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako papo hapo Nairobi mtaani Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 walioishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walipatikana na kiwango cha madini ya risasi katika damu kilichozidi kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Madini hayo hudhuru ukuaji wa ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaondoki mtoto akishakuwa mtu mzima.

Risasi hiyo haikuota ardhini. Vitu kama betri, rangi kuukuu na vifaa vya umeme huwa na madini hayo, navyo hutoka majumbani, karakanani na viwandani vikiwa vimechanganywa na taka nyingine.

Kuchanganya huko ndiko chanzo cha hasara nyingi. Karatasi kavu huuzika, lakini ikilowa mchuzi haina mnunuzi. Chupa ya plastiki iliyosuuzwa huchukuliwa na wanaokusanya plastiki za viwandani, ilhali iliyojaa mafuta na mchanga hutupwa. Maganda ya viazi na ndizi yangeoza shambani yakawa mboji, lakini yakifungiwa pamoja na betri huwa sumu isiyofaa kutiwa katika udongo.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji ya Kenya ni masalio ya vyakula na vitu vingine vinavyooza. Vikifukiwa ndani ya jaa mahali pasipofika hewa, hutoa gesi ya methani ambayo huchangia pakubwa ongezeko la joto duniani. Kwa hivyo, kutenga ndoo moja tu ya vitu vinavyooza hupunguza zaidi ya nusu ya mzigo, na kilichobaki huwa kikavu na rahisi kuchambuliwa.

Hatua ya kwanza katika kusafisha nyumba basi si kutafuta magunia, bali ni kugawa vitu katika mafungu. Fungu la kwanza ni la vitu vinavyoweza kutumiwa na mtu mwingine: nguo nzima, vyombo vya jikoni, vitabu, samani imara. Hivi huweza kupewa jamaa na majirani, makao ya watoto, kanisa au msikiti, au kuuzwa kwa bei nafuu.

Uaminifu unahitajika hapa. Kumpa mtu godoro lililoota ukungu au pasi iliyoungua nyaya si sadaka. Ni kumtwika mzigo ambao yeye atalazimika kuutupa, pengine bila nauli ya kuupeleka popote.

Fungu la pili ni la vitu vinavyoweza kurekebishwa. Kenya ina utajiri mkubwa wa mafundi wa jua kali, na kiti kilichovunjika mguu au sufuria iliyotoboka huhitaji tu kufikishwa kwao. Kule Kamukunji, Nairobi, mafundi wamefua mabati na mapipa makuukuu kuwa masanduku na majiko kwa miongo mingi kabla ya wengi kusikia habari za kuchakata taka.

Fungu la tatu ni malighafi: vyuma, chupa za glasi, karatasi, maboksi na plastiki ngumu. Nzambi Matee, mhandisi Mkenya, alitambuliwa na UNEP mwaka wa 2020 kwa ubunifu wake wa kutengeneza matofali ya kutandaza njiani kwa plastiki na mchanga. Huko Lamu, mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki zilizokusanywa, wakalipamba kwa vipande vya ndara zilizotupwa, nalo likasafiri hadi Zanzibar mwaka wa 2019.

Fungu la nne ndilo dogo kuliko yote na ndilo la hatari zaidi: betri, simu, kompyuta, televisheni, majokofu, taa za mirija zenye zebaki, dawa zilizopitwa na wakati na masalio ya dawa za wadudu. Haya hayapaswi kutiwa katika gunia la kawaida wala kuchomwa moto uani.

Hapa ndipo inapofaa kukumbuka kwamba kuchakata upya, kukifanywa vibaya, huweza kuua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi kiliwaachia wakazi sumu mwilini. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 2014, na baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, mahakama mjini Mombasa iliamuru mwaka wa 2020 wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi huo ulipingwa, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024.

Funzo ni kwamba haitoshi kujua kuwa kitu kitachakatwa. Sharti ijulikane kitachakatwa na nani na kwa njia gani. Anayechoma nyaya ili apate shaba iliyomo ndani hurejesha madini sokoni, lakini moshi wake huwa na sumu kwake na kwa majirani.

Vifaa vya elektroniki hupasa kupelekwa kwa vituo vyenye kibali cha kuvishughulikia, na kabla ya hapo mwenyewe afute habari zake za siri katika simu na kompyuta. Kuhusu dawa, ni vyema kumuuliza mfamasia kabla ya kuzimwaga chooni au kuzitupa mahali ambapo watoto huweza kuziokota.

Sheria nayo haijanyamaza. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na Jedwali la Nne linaziachia serikali za kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilifanya utenganishaji wa taka zinazooza na zisizooza kuwa wajibu, na kanuni za 2024 zikawatwika watengenezaji na waagizaji wa bidhaa jukumu la kile kinachobaki bidhaa hizo zikishatumika.

Kenya imewahi kuonyesha kuwa mazoea hubadilika. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipoanza Agosti 28, 2017, wengi walishuku kama ingedumu, lakini leo mnunuzi huenda dukani na kikapu au mfuko wake wa kitambaa.

Kikwazo kilichobaki ni lori. Familia huweza kutenganisha taka zake kwa uangalifu, kisha zikamwagwa pamoja dakika tano baadaye. Tatizo hili halimalizwi na nyumba moja, lakini wapangaji wa ploti au mtaa wakiungana huweza kumchagua mzoa taka mwenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na kuandika katika mkataba kwamba mafungu yatabebwa mbalimbali.

Kabla ya kumlipa, wana haki ya kumuuliza swali moja: mzigo huu unaenda wapi? Asiyeweza kulijibu hastahili kupewa mzigo huo.